Kiswahili Kisakinishwe kwa Kiswahili

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba Kiswahili kilifika Unyanyembe kabla ya reli, kabla ya shule za serikali na kabla ya utawala wa Wajerumani. Kililetwa na misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alikitumia kwa sababu kilimwezesha kufanya kazi na watu wasio wa kabila lake. Lugha ilienea kwa kuwa ilikuwa chombo cha kazi. Leo kazi nyingi za ofisi na shule hufanywa kwa kompyuta, na hapana budi tujiulize kama Kiswahili kinaendelea na safari au kimetua mzigo njiani.

Isisemwe kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili ya kuandikia barua na kufanyia hesabu. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010 na ambayo hutolewa bure, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Tatizo liko mlangoni. Katika programu nyingi Kiswahili ni nyongeza, na nyongeza sharti isakinishwe, yaani iwekwe ndani ya kompyuta. Katika kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, mwalimu anayetaka LibreOffice ya Kiswahili hana budi kuiacha njia nyepesi ya kubonyeza "endelea", aingie katika orodha ndefu ya sehemu za programu, atafute lugha yake, kisha arudi kwenye mipangilio kuichagua. Hatua zote hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Basi yule anayekihitaji Kiswahili kwa sababu Kiingereza kinampa taabu hutakiwa kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza. Huko ni kuufungia ufunguo ndani ya sanduku lake lenyewe.

Kuna hatari kubwa kuliko usumbufu huo. Vipo viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa juu ya kivinjari cha intaneti ili kukiongezea kazi. Baadhi yake huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha taarifa zote katika kila tovuti anayoifungua mtumiaji. Mtumishi anayeshika majalada ya wenzake, au mwalimu anayeingiza alama za wanafunzi, akibonyeza "kubali" bila kuelewa, amefungua kabati la ofisi kwa mtu asiyemjua.

Wazee wa njia ya misafara hawakufanya hivyo. Msafara ulipofika Ugogo ulidaiwa hongo, nayo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita. Walijadiliana kwanza, wakajua ni nguo na shanga kiasi gani, ndipo wakalipa. Vivyo hivyo, mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, wenye masharti machungu ya kumtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe walikubali baada ya kuyapima masharti hayo. Kukubali usichokielewa si kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatambua ridhaa ya mwananchi, na ridhaa haina maana katika lugha asiyoielewa mtoaji.

Linalotakiwa si jambo la ajabu. Programu iulize lugha katika ukurasa wake wa kwanza, kabla ya swali lingine lolote. Kila hatua iwe na swali moja na jibu lililo wazi. Ruhusa zielezwe kwa sentensi kamili: kiendelezi hiki kitasoma nini, kitapeleka wapi. Kosa likitokea, maelezo yaseme la kufanya. Kitufe cha kuondoa kionekane kama kile cha kuweka. Na kifurushi kiweze kubebwa katika diski ya mkononi, kwa ajili ya shule ambazo mtandao wake ni wa kubahatisha.

Wapo watakaosema kwamba maneno kama kiolesura na kisakinishi ni magumu kuliko Kiingereza chenyewe. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake si kukiacha Kiswahili. Dawa ni kupeleka maneno hayo kwa watumiaji kabla ya kuyatangaza. Baraza la Kiswahili la Taifa na Mamlaka ya Serikali Mtandao wakae na walimu wa Sikonge, Urambo na Uyui, wawatazame wakisakinisha bila kusaidiwa, na kila watakaposita paandikwe upya. Kama "weka" inaeleweka kuliko "sakinisha", basi iandikwe "weka".

Ndugu walimu na watumishi wa umma, msingoje wataalamu peke yao. Kila ofisi inaponunua au kutengenezewa programu, iweke katika masharti yake kwamba usakinishaji na ruhusa zote viwe kwa Kiswahili. Nanyi msibonyeze "kubali" mpaka mmeelezwa mnachokikubali.