Msamaha wa Ada si Sadaka



Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kila mwaka vijana wetu wanaomaliza sekondari hapa Marekani huomba nafasi katika vyuo. Wengi wetu tulitoka Kongo, tukapitia kambi kama ile ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na hatukusoma katika utaratibu wa nchi hii. Basi huwaachia vijana jambo hilo peke yao. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo haki yao inapopotea, wala hakuna aliyewanyang'anya: inapotea kwa ukimya.

Tuanze na ada. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 50 na 90. Kijana anayeomba vyuo 8 kwa dola 70 kila kimoja atatoa dola 560 kabla hajajua kama atapokelewa hata na kimoja. Mzazi afanyaye kazi ya zamu ya usiku hukumbuka kodi ya nyumba, akamwambia mwanawe: "Omba kimoja tu." Hivyo mlango hufungwa na fedha, si na uwezo wa kijana.

Wapo wasemao kwamba ada hiyo hulipia kazi ya kusoma maombi na kuzuia maombi ya mzaha. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini ndiyo sababu uliwekwa msamaha kwa wasio na uwezo. Common Application, fomu ya pamoja iliyoanza mwaka 1975 na inayopokewa sasa na vyuo zaidi ya 1,000, humwuliza mwombaji kama anastahili msamaha. Anastahili, kwa mfano, ikiwa hupata chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei iliyopunguzwa, ikiwa familia yake inapokea msaada wa Serikali, au ikiwa amesamehewa ada ya mtihani wa SAT. Tena fomu hiyo hukubali uthibitisho wa ofisa wa shule au wa kiongozi wa jamii. Viongozi wa walei, hapo ninyi pia mnaweza kusaidia. Ieleweke tu kwamba msamaha huu ni wa ada ya maombi, si wa karo ya masomo.

Jambo la pili ni wastani wa alama, uitwao GPA. Vijana wengi hukata tamaa kwa sababu ya namba hii, na wazazi hawawezi kuwashauri kwa kuwa hawaielewi. Alama A huhesabiwa pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1, na F haina kitu. Pointi hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya masomo, kwa kuzingatia uzito wa kila somo. Mwenye A tatu na F moja ana pointi 12 katika masomo 4, yaani 3.0, sawa kabisa na mwenye B nne. Shule nyingi huongeza pointi kwa masomo ya ngazi ya juu, hata A ikawa 5. Kwa hiyo vyuo hutazama pia masomo yenyewe, na vingine hukokotoa upya.

Mzazi aliyezoea asilimia za Kongo na ajihadhari. Asilimia 62, ambayo kule ni kufaulu, katika shule nyingi za hapa ni D. Vilevile hesabu huanza darasa la 9. Kijana aliyefika bila Kiingereza akapata 2.0 mwaka wa kwanza, kisha 3.5 miaka miwili iliyofuata, hubaki na 3.0. Namba hiyo haisimulii jinsi alivyopanda. Amwombe mshauri wa wanafunzi aeleze jambo hilo katika barua yake, naye mwenyewe alieleze katika fomu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kila jumuiya ndogo ndogo iulize, mwezi Septemba, ni nyumba zipi zina kijana wa darasa la 12. Kila halmashauri ya walei iteue mtu mmoja wa kujifunza fomu hizi na kukaa na vijana wanapozijaza. Nasi sote tuziombe shule ziwaeleze wazazi habari za msamaha kwa lugha wanayoifahamu, tangu darasa la 9.

Kijana asione haya kuomba msamaha huo. Sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Msamaha huu umewekwa kwa ajili ya wenye hali kama yake. Aibu ni yetu sisi tunaojua tukanyamaza.