NANI ALIYEKUAMBIA UACHE DAWA?

Ndugu wanachama wa Ushirika, wazee, akina mama, na vijana mnaosimama hapa ukutani kungojea mizani ya kahawa,

Mara iliyopita tuliandika juu ya mbolea. Leo mbolea tunaiweka kando, kwa sababu kuna jambo linatukera na hatuwezi kuendelea kulifunika kwa jani la mgomba. Katika kijiji chetu hiki wapo wenzetu wenye virusi vya UKIMWI ambao wameacha kumeza dawa. Majina hatutayataja, hata mtukate shingo. Wenyewe wakisoma watajijua, na asiyejua kusoma asomewe na mtu asiyemwogopa.

Mmoja anasema ameombewa na amepona. Mwingine amesikia eti Marekani imefunga dawa, basi ya nini kujisumbua na nauli. Wa tatu, na huyu ndiye anayetuuma zaidi, anasema amechoka kuulizwa hapa hapa dirishani kwetu, "Vipi, umetoka kliniki?" kwa sauti inayofika barabarani.

Tuanze na huyo wa kwanza, maana na sisi tumo katika kosa lake.

Mnaukumbuka mwaka 2011. Kule Samunge, Loliondo, ndani ya mkoa wetu huu wa Arusha, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu na nchi nzima, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Ikasemwa kinaponya UKIMWI, kisukari, kansa, pumu, kila kitu. Watu wakahama. Magari yalipanga foleni kilometa nyingi porini, watu wakalala njiani siku nenda siku rudi, wengine wametolewa vitandani hospitali, na wapo waliofia katika foleni kabla ya kukiona hicho kikombe. Wakubwa nao walikwenda. Sasa mkubwa akinywa, mkulima wa migomba atabaki?

Hapa kijijini tulikodi gari. Aliyeandika majina ya abiria na kukusanya nauli ni sisi hawa tunaoandika maneno haya. Ndani ya gari lile alikuwamo mwanachama mwenzetu, mama wa watoto watatu. Alikuwa anameza dawa vizuri, amenenepa, analima, anabeba ndizi zake hadi soko la Tengeru. Aliporudi akatupa vidonge chooni. Akasema, nikimeza tena ni kama namwambia Mungu muongo. Sisi tulijua, tukanyamaza. Mwaka uliofuata, wakati wa masika, tulimzika, na pale kaburini tukasema alisumbuliwa na kifua. Jamani, kile kilikuwa kifua kikuu, kimeingia katika mwili uliokwisha vuliwa ngao. Lawama hatumpi Babu, ambaye naye alifariki mwaka 2021. Lawama ni yetu. Yule mama hatukumwambia hata neno moja: kikombe kunywa ukitaka, maombi omba, lakini kidonge usiache.

Sisi tulisomea ngumbaru, ndevu zimeshaota, tumezoea kusoma polepole kwa kidole. Basi tumekaa na muuguzi wa zahanati, tumeisoma karatasi ya dawa neno kwa neno, tukauliza maswali ya kijinga bila haya. Hivi ndivyo ilivyo. Dawa hizi, ARV, haziwamalizi virusi wote. Zinawafunga wasizaane. Virusi hujificha mwilini kama fuko shambani: humwoni, lakini yuko chini. Unapojisikia mzima ukadhani umepona, uzima huo umeletwa na kidonge. Ukiacha, fuko anatoka. Ukimeza leo ukaruka kesho, virusi wanaweza kuizoea dawa wakawa sugu, na hapo utahitaji dawa nyingine iliyo ngumu kupatikana. Lakini anayemeza kila siku, mpaka kipimo cha wingi wa virusi kikawa hakiwaoni tena kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Rudieni kusoma hapo, maana wengi hawaamini. Na mama mjamzito akimeza dawa zake, na mtoto akapewa ya kwake anapozaliwa, mtoto huyo karibu kila mara husalimika.

Nyinyi vijana hamkuona tulivyoviona sisi. Wagonjwa wa kwanza katika nchi hii waligundulika Kagera mwaka 1983, na haikupita miaka mingi ugonjwa ukawa umefika kila mkoa. Mtu aliletwa kutoka mjini amebaki mifupa, na hapakuwa na cha kumpa ila uji na machozi. Serikali ilianza mpango wa kutoa dawa bure mwaka 2004. Mwanzoni ulingoja kinga yako ishuke ndipo uanzishiwe; tangu 2016 ukipimwa ukakutwa navyo unaanza. Na wengi siku hizi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku. Kimoja! Halafu mtu anakiacha.

Sasa habari ya Marekani. Ni kweli Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi za miradi mingi ya UKIMWI zikatikisika, hata wahudumu wakapoteza ajira. Lakini wewe uliyesema dirisha la dawa limefungwa, ulikwenda ukaliona? Sisi tulikwenda. Liko wazi na dawa zipo. Tunakubali kwamba ni aibu: Azimio la kujitegemea lilitangazwa mjini hapa Arusha mwaka 1967, na bado uhai wa watu wetu umetegemea sana mfuko wa mgeni. Hilo tulisemee mikutanoni, na mbunge tumwulize. Lakini huwezi kugomea kidonge ili umkomoe Marekani. Yeye hata hajui kama upo.

Tunakuja kwenu, wenye midomo. Hivi mnajua kwamba kuna watu wanaipita zahanati yetu mlangoni, wanapanda kifodi mpaka Arusha mjini, wengine mpaka Moshi, ili tu msiwaone? Nauli hiyo ni ya kahawa yao, na siku nauli ikikosekana, dawa zinakosekana. Mwenye kisukari hajifichi hivyo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya majibu ya mtu na kumbagua. Sisi si polisi, lakini karani au mwanachama yeyote atakayeuliza tena swali lile dirishani, jina lake litaandikwa hapa ukutani kwa herufi kubwa, tuone kama yeye anapenda kutangazwa.

Na wanaume wenzetu. Mgonjwa akilala, mnamwachia mke, dada au bibi kizee, nyie mko kilabuni mnauliza "anaendeleaje?" Kumuuguza mtu ni kazi ya mikono. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi inaoza kwa vidonda. Anapewa maji na uji kidogo kidogo, hata akikataa. Shuka zinafuliwa. Penye damu au kidonda unavaa glavu. Pasipo na damu hakuna cha kuogopa, mshike mkono, kaeni mle loshoro pamoja. Kumtengea kikombe chake ni ujinga mtupu. Akikohoa wiki mbili, makohozi yakapimwe. Na saa ya kidonge, wewe mwanamume mwenye simu, iwekee kengele. Hilo nalo linakushinda?

Mwaka 1951 Mwingereza aliwafukuza wazee wetu kutoka Engare Nanyuki. Mwaka 1952 walichanga senti zao wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa kudai ardhi. Watoto wa watu wale leo wanashindwa kuchangia nauli ya mgonjwa mmoja hadi hospitali ya Mount Meru?

Kwa hiyo Kamati inaleta hoja kwenye mkutano wa Jumamosi, saa nne, hapa ghalani: kila mwanachama akatwe bei ya kilo moja ya kahawa katika malipo yanayokuja, uwe mfuko wa nauli za wagonjwa wote, wa ugonjwa wowote, ili anayechukua asijulikane anaumwa nini. Fedha atazishika muuguzi wa zahanati, siyo sisi. Atakayepinga aje apinge mbele ya watu.

Na wewe uliyeacha dawa, usingoje Jumamosi. Nenda kesho. Muuguzi ametuahidi kwamba hatakugombeza, nasi tumemwambia tutamshikilia kwa ahadi hiyo.

Ni sisi,
Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati

Aliyechana karatasi ya mbolea tunamjua. Hii tumeiandika nakala mbili.