WADOGO WA MCHEZO NAO WAKUMBUKWE



Hapa Voi, Vioja Mahakamani ikirudiwa, hucheka hata aliyetoka zamu ya usiku. Kila mtu humtaja Mzee Ojwang wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, na ni haki yake. Lakini yule askari wa mahakama, asimamaye kando ya kizimba na kusema neno moja, nani alijua jina lake? Bila uso wake mkavu, utundu wa Makokha na Ondiek ungepungua nusu. Sisi tunaofungua njia za treni jambo hili twalielewa sana: abiria humsifu dereva. Basi twataka majina yao yaandikwe yasomeke, na mchezo ukirudiwa, nao walipwe tena.