Gundi Bila Msasa Ni Kazi Bure

Muulize fundi baiskeli yeyote wa Chake Chake kwa nini anaukwangua mpira kwa msasa kabla ya kubandika kiraka. Atakwambia: bila hivyo hakishiki. Sisi wanachuo tunaweza kutaja aina za gundi mpaka asubuhi, lakini ni wangapi tumewahi kubandika kitu na kukipima?

Chukua kifuniko cha antena ya rada kilichopo kwenye pua za ndege nyingi. Hutengenezwa kwa faiba na resini ili mawimbi yapite. Chuma kitupu kingeyazuia. Ila kuna radi. Kwa hiyo juu yake hubandikwa mikanda myembamba ya chuma ya kuipokea radi na kuipeleka kwenye bodi la ndege. Hapo ndipo penye kazi. Alumini hujivika ngozi ya oksidi, resini hutoka kwenye kalibu ikiwa na mafuta, na jua likipiga kila kimoja hutanuka kwa kiasi chake. Ukingo ukibanduka kidogo tu, unyevu unaingia, na maji hula mawimbi. Kwa macho kifuniko ni kizima, kumbe rada haioni vizuri.

Dawa yake inajulikana. Ondoa mafuta, piga msasa, safisha tena, usiguse kwa vidole, paka silani, kemikali inayoshika chuma upande mmoja na resini upande wa pili, ndipo utie gundi. Kujua kama uso ni safi, mwagia maji. Yakitanda, endelea, yakijikusanya matone, mafuta bado yapo.

Mtu atasema, "Pemba na rada wapi na wapi?" Jamani, boti za faiba za wavuvi wetu nazo zina vyuma vilivyobandikwa. Halafu chumvi, joto na unyevu, ambavyo maabara za wenzetu huvitengeneza ndani ya makabati, sisi tunavyo bure pwani ya Wete.

Napendekeza huu uwe mradi wa mwaka wa mwisho: vipande vya alumini juu ya faiba, nusu vibandikwe hivi hivi, nusu kwa utaratibu wote. Vitundikwe pwani kabla ya masika, na baada ya masika vibanduliwe kwa mizani ya ndoano, kilo ziandikwe. Tusisubiri mashine ije. Msasa upo dukani, na masika hayakosi kuja.