Kapibara mnamjua, fuko wetu je?

Wasee, tuongee ukweli. Nusu yenu mna stika ya kapibara kwa WhatsApp. Ametulia kwa maji, chungwa kichwani, hana presha na mtu. Hata mimi namkubali. Lakini nikituma picha ya fuko asiye na manyoya kwa grupu, jibu ni moja: "Hii soseji yenye meno ni nini?"

Huyo soseji ni Mkenya, heshimu.

Wote wawili ni wagugunaji. Na licha ya Wazungu kumwita fuko huyu panya, ni ndugu wa karibu zaidi wa kapibara kuliko wa panya wa jikoni kwenu. Fuko, kapibara na nungunungu wako tawi moja. Panya wa nyumba yuko kwingine kabisa. Baada ya hapo wanaachana: kapibara ni wa familia ya simbilisi, fuko siku hizi wataalamu wengi wanampa familia yake peke yake.

Kapibara ni wa Amerika Kusini, kwa mito na vinamasi, na anaweza kupita kilo 50. Bila maji hatoboi. Fuko ana kama gramu 35, na anaishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia, Somalia na Djibouti. Huko chini kuna malkia mmoja anayezaa, wengine wote ni kuchimba, kulea na kulinda, kama mchwa tu. Mambo hayo Jennifer Jarvis aliyaandika kwa jarida la Science mwaka wa 1981, na dunia ikashangaa. Fuko anapitisha miaka 30, saratani humpata kwa nadra sana, na anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni. Maabara za ng'ambo zinamfuga ili zijue siri yake. Sisi tunacheka sura.

Kwa orodha ya IUCN wote wako daraja la chini kabisa la wasiwasi. Sawa, hawaishi kesho. Lakini daraja hilo halikuambii nani ana watetezi. Mwaka wa 2021 kapibara walijaa kwa bustani za matajiri wa Nordelta, mtaa uliojengwa juu ya kinamasi karibu na Buenos Aires. Watu mtandaoni wakasimama na kapibara, na mjadala wa sheria ya kulinda vinamasi ukarudi mezani. Stika zilisaidia, msicheze. Sasa tingatinga likipita juu ya nyumba ya fuko, nani ataposti? Hata hatujui alikuwa hapo.

Kwa hivyo mkienda Coast kwa barabara, mkifika pande za Mtito Andei asubuhi mapema, angalia vichuguu vidogo vya mchanga vinavyorusha vumbi kama volkano. Kuna mtu anachimba huko chini. Piga video, unitag.