Tiba radiolojia: Mikono imepatikana, nyaya na mirija je?

MJADALA kuhusu huduma za afya nchini umezoea kuishia kwenye majengo na mashine. Utepe hukatwa, mashine mpya huonyeshwa kwa wananchi, hotuba hutolewa na wageni waalikwa hutawanyika. Linalosahaulika ni swali dogo lakini zito: je, kesho asubuhi ni nani atakayeishika mashine hiyo na kumtibu mgonjwa?

Swali hilo ndilo lililozaa mafunzo ya tiba radiolojia katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Kabla ya mwaka 2018, Tanzania haikuwa na mpango wa kumfunza daktari fani hiyo hapa nchini. Aliyeitaka alilazimika kuifuata ng'ambo, na mgonjwa aliyeihitaji alikuwa na njia mbili tu: kupelekwa nje ya nchi kama uwezo ulikuwapo, au kupasuliwa kwa kisu hata pale ambapo tundu la sindano lingetosha.

Leo hali imebadilika. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2021, na tangu hapo MUHAS haihesabiwi tena kuwa mwanafunzi katika fani hii, bali mwalimu. Hata hivyo, mafanikio hayo yameleta swali jipya ambalo halijibiwi kwa vyeti. Daktari akishafunzwa, nani atampa waya, mrija, muuguzi na mtaalamu wa mionzi ili ujuzi wake usikae bure?

NI TIBA GANI HII?

Tiba radiolojia ni tawi la udaktari ambalo picha za ndani ya mwili hazitumiki kutambua ugonjwa tu, bali humwongoza daktari wakati anapotibu. Badala ya kupasua, daktari hupenyeza sindano kupitia tundu dogo kwenye ngozi, akafuatisha waya mwembamba na hatimaye mrija, huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha altrasaundi, siti skani au eksirei inayoonyesha picha zinazotembea. Mara nyingi mgonjwa hupigwa ganzi mahali panapotobolewa, bila nusu kaputi, na wapo wanaorudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa njia hiyo madaktari huweza kunyonya usaha uliojikusanya tumboni, kufungua njia ya nyongo iliyoziba na kumfanya mgonjwa awe wa manjano, kuchukua kinyama kutoka kwenye ini au mapafu ili kijulikane ni ugonjwa gani, na kuziba mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa kizazi, ili mwanamke asilazimike kuondolewa kizazi chake.

Mfano unaoeleza vizuri zaidi uzito wa jambo hili ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Inapogunduliwa kwa kuchelewa, uvimbe hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Mkojo hukosa pa kupita, figo huvimba na kushindwa kazi, na sumu hujaa mwilini. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuuawa na figo kabla ya kuuawa na saratani yenyewe. Aidha, baadhi ya dawa muhimu za saratani haziwezi kutolewa kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa.

Daktari wa tiba radiolojia humlaza mgonjwa huyo kifudifudi, akaitafuta figo kwa altrasaundi, akaweka mrija mwembamba kupitia mgongoni, na mkojo ukatoka nje kwenye mfuko. Kwa mikono iliyozoea, kazi hiyo kwa kawaida huchukua chini ya saa moja. Haiponyi saratani, lakini humrejeshea mgonjwa nafasi ya kuanza mionzi na dawa. Kwa mwanamke mwenye watoto wadogo nyumbani, nafasi hiyo si jambo dogo.

JEMBE LA MGENI

Tofauti kubwa ya mpango wa Muhimbili ni namna ulivyopangwa. Kwa miaka mingi Afrika imezoea kambi za matibabu: madaktari wa kigeni hufika, hutibu wagonjwa kwa wiki moja, hupiga picha za kumbukumbu na kuondoka. Waliotibiwa hushukuru, lakini anayeugua wiki inayofuata hakuti mtu.

Mwezi Oktoba 2018, timu ya kwanza ya kufundisha ilifika Muhimbili kupitia mpango wa Road2IR, ulioanzishwa na madaktari wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kwa ushirikiano na wenzao wa Tanzania. Timu hizo za kujitolea zilipangwa zije kwa zamu, kila mwezi kwa takriban wiki mbili. Kila timu ilikuwa na daktari wa tiba radiolojia, muuguzi na mtaalamu wa mionzi. Wagonjwa walitibiwa, lakini shabaha ilikuwa ni Mtanzania aliyesimama kando ya kitanda: kwanza atazame, kisha ashike sindano chini ya uangalizi, na mwisho afanye mwenyewe huku mwalimu akiwa amefunga mikono.

Mwaka uliofuata, 2019, mafunzo hayo yakawa shahada ya uzamili ya miaka miwili ya MUHAS, iliyotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Wanaoisoma ni madaktari ambao tayari ni mabingwa wa radiolojia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mambo yaligeuzwa: mgeni ndiye aliyekuja na jembe, akamfundisha mwenyeji kulima, kisha akamkabidhi. Umuhimu wa kukabidhiana huko ulionekana mwaka 2020, pale safari za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19. Mpango wowote unaomtegemea mwalimu wa kupanda ndege uko hatarini siku viwanja vya ndege vinapofungwa. Mwalimu aliye hapa hapa hafungiwi mpaka.

MIAKA 11 YA DARASA

Ni vyema wananchi wafahamu gharama ya kumpata daktari mmoja wa fani hii. Husoma shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka mitano, hufanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, husomea ubingwa wa radiolojia kwa miaka mitatu, kisha ubingwa bobezi kwa miaka miwili. Hiyo ni miaka 11, bila kuhesabu miaka ya kazi katikati, wala karo na familia inayosubiri. Serikali kwa upande wake imeweka ufadhili kwa madaktari wanaosomea ubingwa na ubingwa bobezi, kupitia mpango unaobeba jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Ni hatua inayostahili pongezi.

Lakini fedha ya kumsomesha daktari ni nusu tu ya hesabu. Historia ya fani yenyewe inaonyesha hivyo. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger, daktari wa Sweden, alibuni njia ya kuingiza mrija kwenye mshipa kwa kutanguliza sindano, kupitisha waya, kuondoa sindano na kufuatisha mrija juu ya waya. Njia hiyo bado ndiyo msingi wa kazi hii duniani kote. Januari 16, 1964, Charles Dotter wa Portland, Marekani, aliitumia kuufungua mshipa uliosinyaa kwenye mguu wa bibi wa miaka 82 ambaye alikuwa amekataa kukatwa mguu huo. Bibi huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili.

Dotter alijulikana pia kwa kutengeneza zana zake mwenyewe, hata kwa kutumia nyuzi za gitaa. Enzi hizo zimepita. Leo waya na mirija ni vifaa maalumu, visivyo na vijidudu, vinavyotengenezwa viwandani kwa vipimo vya milimita, na vingi hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa. Kwa Tanzania, vifaa hivyo huagizwa kutoka nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni.

Hapo ndipo penye kitendawili. Mashine ya mamilioni huweza kusimama kwa kukosa waya unaotosha kuviringishwa mkononi. Na vifaa vinavyotolewa kwa msaada, pamoja na wema wake, huja kwa kipimo cha mtoaji badala ya mahitaji ya wodi: leo upo mrija mkubwa unapohitajika mdogo, kesho upo mwingi uliokaribia kuisha muda wake. Hospitali haiwezi kupanga ratiba ya wagonjwa kwa kutegemea kilichomo kwenye begi la mgeni. Huduma itakayodumu ni ile ambayo vifaa vyake vimo kwenye orodha ya kawaida ya ununuzi, kupitia Bohari ya Dawa (MSD), kama ilivyo kwa nyuzi za kushonea na dripu.

Suala la malipo nalo haliepukiki. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha bima kikitambua upasuaji mkubwa na kuacha kutambua mrija wa figo, mgonjwa ataelekezwa kwenye kisu si kwa sababu ndicho kinachomfaa, bali kwa sababu ndicho kinacholipiwa.

SI KAZI YA MTU MMOJA

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kazi hii haifanywi na daktari peke yake. Muuguzi humwandaa mgonjwa, huchunga mapigo ya moyo na hujua kifaa gani kimpe daktari kabla hajaomba. Mtaalamu wa mionzi huendesha mashine na kuhakikisha picha ni safi na mionzi ni kidogo kadiri iwezekanavyo. Wote huvaa aproni zenye madini ya risasi, kwa kuwa mionzi isiyodhibitiwa humdhuru mgonjwa na mhudumu pia, na ndiyo maana nchi ina Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) yenye wajibu wa kusimamia matumizi hayo. Muuguzi aliyefunzwa akihamishiwa wodi nyingine kwa barua ya siku moja, timu nzima huanza upya.

Wapo pia madaktari wa wodini na wa hospitali za mikoa, ambao ndio wanaomwona mgonjwa mwanzo. Wasipofahamu kuwa huduma ipo na inamfaa nani, hawatamwandikia mgonjwa rufaa, au watamwandikia figo zikiwa zimekwisha kufa. Mafunzo ya saa chache kwa madaktari hao yanaweza kuokoa watu wengi bila kununua mashine hata moja.

Kisha kuna jiografia. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Tanzania ina watu 61,741,120, na wengi wao hawaishi karibu na Muhimbili. Kutoka Mwanza au Kigoma hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na mwenye figo zilizoziba hana siku za kungoja nauli ichangwe na ukoo. Hospitali za kanda na rufaa, kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, Mbeya na Benjamin Mkapa ya Dodoma, ndiko wahitimu wanakopaswa kuelekezwa, na waende wakiwa na timu na vifaa, si na barua ya uhamisho peke yake.

ANASA AU HAJA?

Wapo wanaohoji, tena kwa haki, iwapo nchi ambayo zahanati zake hupungukiwa dawa za kawaida inapaswa kuhangaikia ubobezi wa namna hii. Jibu linategemea nini kinaanza. Taratibu ngumu zinazohitaji chumba maalumu na vifaa ghali zinaweza kusubiri katika vituo vichache. Lakini kuondoa usaha, kuchukua kinyama na kuweka mrija wa figo huhitaji zaidi altrasaundi, ambayo tayari ipo katika hospitali nyingi, pamoja na mkono uliofunzwa. Mgonjwa aliyetobolewa huachia kitanda mapema, hana jeraha refu la kuuguza, na hakalii foleni ya chumba cha upasuaji kinachosubiriwa na mama mjamzito. Kwa mizani hiyo, sehemu ya kwanza ya tiba hii si anasa.

Hatari iliyopo ni ya kimyakimya. Daktari aliyekaa darasani miaka 11 hataandamana akikosa waya. Atarudi kwenye chumba chake na kuendelea kusoma picha za wagonjwa kama zamani, na vidole vyake vitaanza kusahau. Au atapokea barua kutoka nchi ambayo kabati lake la vifaa limejaa, akaondoka, na hakuna atakayeweza kumlaumu kwa wepesi.

Ndiyo maana watunga bajeti wanapaswa kubadili namna ya kuhesabu mafanikio. Idadi ya wahitimu haitoshi. Inafaa kuulizwa ni timu ngapi kamili zinafanya kazi, katika mikoa gani, na ni wagonjwa wangapi walirudishwa mwezi uliopita kwa kukosa kifaa. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo itakayoeleza kama jembe lililokabidhiwa Muhimbili linalima, au limetundikwa ukutani likingoja mpini.