Paka wa Nyumba Haingwa

Agosti 2022 karani wa Sensa alifika kwetu saa nne asubuhi. Alikaa barazani, kishikwambi mapajani, akauliza ni watu wangapi walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia tarehe 23. Nikamjibu wawili. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri: watoto je? Hakuna. Hapo akainua macho akamtazama mke wangu. Mimi hakunitazama. "Mungu atawapa," akasema, maneno ambayo nina hakika hayakuwamo kwenye dodoso lake. Wakati wote huo paka wetu, Dagaa, alikuwa amelala juu ya viatu vya karani, na ilibidi tumwondoe ili mgeni aende zake.

Matokeo yalipotangazwa tukaambiwa tupo Watanzania 61,741,120, na wastani wa watu katika kaya moja ni 4.3. Kaya yetu ina wawili. Tuko chini ya wastani, na hapiti mtu mlangoni bila kutukumbusha.

Naandika kuipinga fikra moja tu: kwamba nyumba ya mke na mume wasio na mtoto bado haijawa nyumba. Kwamba ni chumba cha kusubiria, na waliomo ndani hawajaanza kuishi. Fikra hii haina msemaji mmoja. Imo kwenye dua za harusi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwenye salamu za mwenye duka. Kwa kuwa husemwa kwa upole, hakuna anayeijibu. Leo naijibu.

Kwanza niwaonyeshe nyumba yenyewe. Tulioana mwaka 2019. Tumepanga chumba masta na sebule, Dar es Salaam, nyumba ya uani, kodi kwa miezi sita. Mke wangu huamka saa kumi na moja kuiwahi daladala. Dagaa huamka kabla yake, humkalia kifuani na kumtazama usoni mpaka afumbue macho. Jioni atakayetangulia kurudi ndiye anayeinjika maji ya ugali. Umeme ukiisha tunabishana zamu ya kununua ni ya nani, na anayeshindwa hununua.

Jumapili huja marafiki. Yuko nesi aliyesoma na mke wangu, yuko kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, yuko mwalimu aliyehitimu miaka mingi iliyopita na bado anasubiri ajira, anafundisha masomo ya jioni kwa watoto wa mtaa. Wanakuja na walichonacho: nusu kilo ya mchele, nyanya, au mikono mitupu na njaa. Vichwa vya samaki ni vya Dagaa, hilo halina mjadala. Tuna kikoba chetu kidogo cha watu watano. Kimeshamlipia mmoja wetu kodi, mwingine kimemtengenezea pikipiki.

Hiyo ndiyo nyumba ninayoambiwa haijaanza.

Machi 2023 mke wangu alikuwa na mimba ya wiki kumi. Mimba hiyo iliharibika usiku wa Alhamisi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mke wangu ameisoma makala hii kabla yenu, amefuta aya mbili, na ni haki yake. Nitasema tu nani alikuwepo. Nesi alizungumza nasi kwa simu tangu saa saba usiku, akituambia la kufanya na la kutofanya. Bodaboda alikwenda kumwamsha jirani yake mwenye bajaji, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali. Mwalimu alibaki nyumbani kwetu akafua mashuka kwa mikono yake. Tuliporudi yalikuwa yameshaanikwa, na chai ilikuwa mezani. Hakuna aliyetuambia kwamba Mungu atatupa mwingine. Walikaa tu.

Siku ya nane akaja shangazi yangu kutoka mkoani. Nampenda shangazi, ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Alimpa pole mke wangu, akalia naye, kisha akamwona Dagaa dirishani. Akanivuta jikoni. "Mwanangu, mnalea paka ndani na mnataka mtoto? Manyoya yake ndiyo yanayoziba kizazi. Huyu ndiye aliyekula ujauzito wenu."

Nilimwambia, shangazi, hapana. Nilidhani limekwisha. Kesho yake nilipokuwa kazini alimtia Dagaa kwenye kiroba, akaenda kijiweni, akampa kijana wa bodaboda shilingi elfu tano akamtupe sokoni, mbali. Shangazi hakujua kijana yule ni nani kwetu. Kijana alipokea pesa kwa adabu, akasema "sawa mama," akakata kona, akampeleka Dagaa chumbani kwake, akamnunulia maziwa. Shangazi aliposafiri, Dagaa alirudi. Chenji ya ile elfu tano iliingia kwenye kikoba.

Tumecheka sana kuhusu kiroba hicho. Ila nataka tusimame kidogo kwenye lile alilolisema shangazi, kwa sababu halisemwi na yeye peke yake.

Manyoya ya paka hayazibi kizazi. Kilichopo ni kimelea kiitwacho toksoplasma. Hupatikana kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Kwa hiyo hatari ipo, na kinga ipo: ivisha nyama, osha mboga na mikono, na mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha beseni la mchanga wa paka. Lisafishwe kila siku, maana kinyesi huchukua siku moja au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza. Beseni la Dagaa nalisafisha mimi, kila siku, tangu asubuhi tulipoona mistari miwili kwenye kipimo. Daktari alitueleza pia kwamba mimba nyingi zinazoharibika miezi ya mwanzo huharibika kwa sababu ya kasoro za kromosomu, jambo ambalo mama hakulifanya na hakuweza kulizuia.

Mke wangu alilihitaji neno hilo la mwisho kuliko dawa. Badala yake wiki ile alipata kesi: paka wake ameua mtoto wake. Mtu mwenye jeraha bichi akabebeshwa na hatia juu. Ndiyo maana nasema upole wa fikra hii ni wa juu juu. Ndani ina makali, na huwa inamkata mmoja tu.

Kwa miaka yote hii, mimi nimeulizwa nini? Nimeulizwa Simba na Yanga nani atachukua ubingwa. Maswali ya mtoto hupelekwa kwa mke wangu: kwenye kicheni pati, msibani, saluni. Wifi zake humletea majani ya kuchemsha. Mimi siletewi hata kijiko cha asali. Nilipokaribia kupewa ushauri, niliupata faraghani kutoka kwa mjomba, naye aliniambia "jaribu nje." Yaani dawa ya mwanamke ni majani machungu, na dawa ya mwanamume ni mwanamke mwingine.

Mwaka huohuo wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Inahesabu wanaume na wanawake. Daktari alipotaka tupime wote wawili, niliona aibu kukiri kwamba halikuwa limenipitia akilini. Nilipima. Mbegu zangu zilikuwa chache kuliko kiwango. Haina maana kwamba haiwezekani. Maana yake inaweza kuchukua muda, na kwamba majani yote yale yalichemshwa kwenye sufuria isiyo yake.

Nilimpigia shangazi nikamwambia. Alinyamaza. Kisha akasema mtandao unakatika.

Sasa nizijibu hoja za wazee, maana zipo na baadhi zina uzito.

Wanasema: mtoto ndiye atakayewatunza uzeeni na kuwazika. Ni kweli kwamba katika nchi ambayo wengi hawana pensheni, mtoto amekuwa ndiye bima. Siidharau hofu hiyo. Lakini kila mtaa una mzee mwenye watoto saba anayeletewa uji na jirani. Mtoto hutunza pale alipolelewa kutunza, na rafiki vilevile. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga haohao walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usiku ule wa Alhamisi niliona methali ipi ilikuja na bajaji.

Wanasema: ndoa bila mtoto ni bure. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Mtoto hakutajwa hapo. Kilichotajwa ni hiari na kudumu. Mke wangu na mimi tunavyo vyote viwili.

Wanasema: kufuga paka ndani na kumpa jina ni uzungu. Hapa naomba wanaosema hivyo wapande boti. Waende Lamu wakaone paka walivyojaa vichochoroni, wanavyolala kwenye baraza na kuwapokea wavuvi kama wadai. Waulize pia jina la Abu Huraira, sahaba wa Mtume, lina maana gani: baba wa kipaka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, maji aliyoyanywa paka hayawi najisi, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wanaozunguka humo humo nyumbani mwetu. Na methali inayosema paka wa nyumba haingwa haikutungwa Ulaya. Aliyeitunga alijua kwamba aliyekwisha kuwa wa nyumbani hafukuzwi.

Nami nauliza: mke wangu ni wa nyumba ya nani? Ikiwa paka wa nyumba haingwi, kwa nini mke aliyeolewa kwa mahari, aliyemuuguza mama yangu miezi miwili, anaingwa kila sikukuu kwa swali la "lini"? Maana swali hilo, likirudiwa mara mia, ni mkono unaomwinga. Linamwambia: hapa bado hujafika.

Baadhi ya wasomaji wa rika langu watasema niyapuuze, wazee ndivyo walivyo. Siwaandikii wazee tu. Ni sisi tunaobandika picha ya wenzi na paka wao na kuandika chini yake "mazoezi ya kulea." Ni sisi tunaomwambia rafiki "muda unakwenda" halafu tunaweka kicheko. Ni sisi wanaume tunaokaa kimya sebuleni wake zetu wakihojiwa jikoni, kwa sababu kimya hicho kinatufaa. Mimi nilikaa kimya miaka minne, na kimya changu kilimpika mke wangu majani machungu.

Ninachoomba si kikubwa. Ukitembelea wenzi, salimia waliopo. Usimsalimie asiyekuwepo. Ukitaka kuuliza habari za uzazi, usiulize. Ukishindwa kabisa kujizuia, muulize mume kwanza, mbele za watu, uone linavyohisi. Na ukisikia nyumba imepatwa na msiba usio na kaburi, usilete maelezo. Lete sabuni ya kufulia.

Kama siku moja tutapata mtoto, tutafurahi, na mtajua. Atakuta nyumba ambayo tayari ina watu, ina desturi ya Jumapili, ina kikoba na ina paka mwenye wivu. Asipokuja, nyumba hiyo itakuwa hivyohivyo, na haitakuwa imepungukiwa na jina.

Kuhusu jina. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, na asiye na mtoto hubaki "dada" mpaka mvi zimwote. Mwaka jana mama wa genge, anayetuuzia nyanya, alimwita mke wangu "Mama Dagaa." Wateja walicheka. Sijui kama ulikuwa utani au kijembe. Nilifungua mdomo kumjibu, kwa miaka minne ya kimya.

Mke wangu alinitangulia. "Abee," akaitika, akachagua nyanya zake tano, akaomba na vichwa vya samaki.